Muulize Shangazi: Msibani tunakodi Costa, mgonjwa anatafuta nauli

Mwezi huu barua za ndoa nimeziweka pembeni kidogo, mnisamehe mlioandika. Zimekuja barua nyingi za kansa na karibu zote ni za huku huku kwetu Moshi na Arusha, na ukizisoma unaona kama zinajibizana zenyewe, huyu analia kaachwa peke yake, yule anauliza afanyeje ili asimwache mwenzie. Nimechukua tano. Majina nimeyatoa yote.

*

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa miaka 47 nakaa Pasua hapa Moshi nauza nguo za mtumba. Mwezi wa tatu nilikutwa na kansa ya titi la kushoto, nikafanyiwa operesheni wakalitoa, sasahivi nipo kwenye dripu za kemo kila baada ya wiki tatu. Mwanzoni asee watu walijaa mpaka viti vikaisha, kikundi chetu cha vikoba walikuja wote 22 na sare zao, juisi za boksi mpaka nikawa nagawia watoto wa jirani. Sasahivi nipo mzunguko wa nne na sijaona mtu. Nikipiga simu wanasema tutakuja mama tuombe uzima. Juzi Jumapili nikapita kwa mwenzangu tuliyekuwa tunapanga mzigo meza moja sokoni, nikaona kabisa pazia limecheza ila mlango haukufunguliwa. Nimelia njia nzima. Sio kwamba naomba hela, ila na hela kusema ukweli imeisha. Shangazi nimewakosea nini?

Marahaba mama yangu. Hujawakosea kitu, na hilo la pazia limenikaa rohoni tangu nimelisoma.

Ngoja nikwambie ninachokijua kuhusu huyo aliyekuwa nyuma ya pazia. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa nyuma ya pazia la namna hiyo, sio kwako, kwa mtu mwingine, na sababu yangu ilikuwa kwamba sina kitu mkononi. Huku kwetu mtu anaona aibu kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu, mara ya kwanza ulipeleka sukari kilo mbili na sabuni, mara ya pili utapeleka nini, na ya tatu? Basi anaahirisha mpaka mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ada ya shule, zikishapita wiki sita anaona aibu mbili, ya kuwa hana kitu na ya kuwa hajaja. Wengine wanaogopa tu. Wameona nywele zimetoka, hawajui waseme nini, wanaogopa watalia mbele yako. Sisemi ni sawa, nasema tu kwamba huyo hajakuchukia.

Ila shida yenyewe ni kubwa kuliko huyo mwenzako. Angalia sisi tunavyofanya mambo yetu. Harusi tunaunda kamati, mwenyekiti, katibu, mhazini, tunakutana kila Jumapili miezi minne. Mtu akifariki Dar, usiku huo huo kundi la whatsapp limeshafunguliwa, kufika asubuhi Costa mbili zimekodiwa za kupandisha watu Kilimanjaro, turubai, viti, chakula, kila kitu kina mtu wake. Haya, mtu huyo huyo wiki mbili kabla alikuwa anatafuta nauli ya kwenda kliniki, na hamna aliyeunda kamati. Pesa haikukosekana, tuliichanga yote ila tulimsubiri afe kwanza. Naandika hivi kwa uchungu kwa sababu kwetu tulifanya hivyo hivyo kwa dada yangu mkubwa mpaka tukashtuka.

Sasa naomba mama uniruhusu nigeuke niongee na hao wenzako 22, maana najua hili gazeti linafika sokoni hata kama ni la kufungia maandazi.

Wanakikundi, vikoba vingi vina mfuko wa jamii, ule mnaotoa buku buku kila mkutano. Fungueni katiba yenu msome umeandikwaje. Mara nyingi umeandikwa msiba, na pengine "kulazwa". Mgonjwa wa kemo mara nyingi halazwi, anaenda asubuhi anachomwa dripu jioni anarudi kwake, kwa hiyo kwa katiba yenu hastahili kitu wakati ndio anaumwa kuliko wote. Badilisheni kifungu. Wekeni nauli ya kliniki kila mzunguko, wekeni hela ya kipimo cha damu maana damu wanaipima kabla ya kila dripu na ikikutwa ipo chini mtu anarudishwa nyumbani na nauli imeshaliwa. Alafu na hisa zake, kama hawezi kuweka sasahivi msimlambe faini za kuchelewa, simamisheni mpaka amalize.

Na hela peke yake haitoshi. Gawaneni siku. Kemo ina kalenda yake na mkiijua ile kalenda mtajua cha kufanya bila kumuuliza mgonjwa. Siku ya dripu anahitaji mtu wa kwenda naye na kurudi naye, akae naye pale kwenye benchi. Siku ya pili mpaka ya nne hivi wengi ndio wanatapika na hawawezi hata kusikia harufu ya kitunguu kinakaangwa, hapo anahitaji mtu wa kupikia watoto, tena ikiwezekana apikie kwake alete kimeiva. Kuanzia kama siku ya saba mpaka ya kumi na nne kinga inakuwa chini sana, akipata homa ya kufika 38 sio ya kumeza panadol mkasubiri asubuhi, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, kwa hiyo anahitaji mtu mmoja kati yenu mwenye bajaji au anayemjua dereva, na simu yake isizimwe. Na hapo katikati hamuendi kumuona kama mna mafua, pigeni simu. Wiki ya tatu anakuwa na nguvu kidogo, hiyo ndio wiki ya kumchukua mkakae naye sokoni hata masaa mawili auze auze aongee na wateja, maana amechoka na ukuta wa chumbani.

Mnaona? Hamna hata mahali nimesema mumuulize "unahitaji nini". Hilo swali linaonekana la upole ila linamwachia mgonjwa kazi ya kuomba, na mtu mzima wa Kichaga aliyelea watoto wake kwa mtumba atakwambia "niko salama tu, tuombeane". Dada yangu alikuwa akijibu hivyo kila siku. Aliyemsaidia kweli kweli ni mama mmoja jirani yetu kule Machame ambaye hakuwahi kuuliza. Kila Alhamisi saa nne anaingia uani na ndoo yake na kipande chake cha sabuni, anavuta beseni, anakusanya mashuka na vitenge, anakaa kwenye kigoda pale chini ya mparachichi anafua, anaanika, anafagia majani, alafu ndio anachungulia ndani anasema "nimepita". Hakukaa zaidi ya dakika kumi. Alhamisi nyingine hawakuongea kabisa. Dada akawa anaijua Alhamisi kwa sauti ya beseni, na kuna siku alikuwa na maumivu makali ananiambia subiri kidogo, leo si Alhamisi?

Sasa nirudi kwako mama. Mambo matatu manne ya kufanya wewe mwenyewe, bila kusubiri watu wabadilike.

Pale KCMC ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, usione haya. Hospitali zote kubwa za rufaa zina afisa ustawi wa jamii na kazi yake ndio hiyo, kumsikiliza aliyeishiwa na kuangalia kama anaweza kupata msamaha wa gharama au kulipa kidogo kidogo. Nenda na barua ya mtendaji wa mtaa wako, na nenda mapema kabla deni halijawa mlima. Watu wengi wanajua hiyo ofisi siku ya kudaiwa ndio watoke wodini.

Alafu mwambie nesi wa kitengo cha saratani akukutanishe na mama aliyeshamaliza safari hii ya titi, aliyepona nywele zikarudi. Sio mshauri wala mchungaji, mwenzio tu. Marekani mwaka 1952 kuna mama anaitwa Terese Lasser, yeye mwenyewe alitolewa titi, akaanza kuzunguka wodini kuwatembelea waliotoka kukatwa, mwanzoni hospitali hazikupenda kabisa, ila leo huo mtindo wa mgonjwa kumtembelea mgonjwa umeenea nchi nyingi. Kuna vitu ambavyo mtu wa namna hiyo tu ndio anaweza kukwambia. Mimi mama mmoja wa hivyo alimwonyesha mdogo wangu jinsi ya kuvaa sidiria tena: alichukua sidiria ya kawaida ya mtumba, akashona kimfuko cha kitambaa laini cha fulana kwa ndani, akajaza pamba, akaongeza punje za mtama kidogo chini ili kiwe na uzito kisipande shingoni ukiinua mkono. Akamwambia lala nayo kwanza ujione. Hakuna daktari angemwambia hivyo. Kidonda kiwe kimepona kabisa lakini, ndio ujaribu.

Na kuhusu ladha, najua hujauliza ila najua unaisikia, ile kama unalamba sarafu. Tumia kijiko cha mti au cha plastiki badala ya cha chuma, na mtori usinywe wa moto, uache upoe kabisa, harufu inapungua na unapita.

Na huyo wa pazia mtumie ujumbe mfupi. Mwambie "Jumanne naenda kliniki, nisindikize tu, nauli ninayo." Hata kama nauli huna, tafuta hiyo ya mmoja. Unamwondolea ile aibu ya mkono mtupu. Akikataa na hapo, basi umejua.

*

Shangazi habari. Mimi kijana wa Arusha, Ngarenaro, napiga kazi ya kushona viatu. Mzee wetu ana miaka 68 anakaa kijijini upande wa Meru. Alianza ugali unakwama kifuani, baadae hata uji ukawa wa shida, tukampeleka wakampima na kile kipimo cha mpira wa kamera wakasema ni kansa ya njia ya chakula na imeshasambaa. Daktari alituambia sisi watoto pembeni. Bro mkubwa akasema mzee asiambiwe atakata tamaa, kwa hiyo tunamwambia ni vidonda vya tumbo. Sasa mzee anauliza uliza. Juzi kaniambia, mbona mmenihamishia chumba cha mbele na wageni hawaishi, vidonda gani hivi. Nilitoka nje. Shangazi tumwambie au tusimwambie? Na mama mdogo analeta dawa za miti kila wiki anasema hospitali watamuua.

Kijana wangu, mzee anajua. Mtu anayeuliza swali la namna hiyo hatafuti habari, anatafuta mtu wa kuongea naye. Nyie mmemfungia mlango mkidhani mnamlinda na sasa yupo humo ndani peke yake anawaigizia na nyie mnamwigizia.

Namuelewa bro wako. Kansa ya umio huku kwetu tumeiona sana, ukanda huu wa Afrika Mashariki ni mmoja wa kanda ambazo watu wanaiumwa zaidi duniani, na watu wengi wanafika hospitali chakula kimeshagoma kupita, kwa hiyo neno lenyewe likitajwa tu watu wanasikia jeneza. Ila fikiria mzee wa miaka 68 ana mambo yake. Ana shamba, ana mpaka ambao ni yeye tu anajua uliwekwa na nani, pengine ana ndugu hawajaongea miaka kumi, ana deni la ng'ombe mahali, ana mtoto ambaye anataka kumwambia kitu. Mkimdanganya mpaka mwisho mnamnyima nafasi ya kuyamaliza kwa mkono wake, na baadae mtayamaliza nyie kwa ugomvi kwenye baraza la kata.

Msiende kumtupia habari yote kwa mkupuo. Mmoja wenu, yule anayeaminika zaidi na mzee hata kama sio mkubwa, akae naye jioni, redio izimwe, amuulize, "Baba wewe mwenyewe unaonaje huu ugonjwa?" Alafu anyamaze. Anyamaze kweli. Mzee ataongea. Akitaka kujua zaidi atauliza, na unamjibu kile alichouliza, akitosheka ataishia hapo. Wapo wazee wanaosema mimi sitaki kusikia jina, ongeeni na daktari nyie, na hiyo pia ni haki yake, ila achague yeye sio bro. Na mkiona mnashindwa mwombeni daktari awe pale mnapoongea.

Msimwambie "hakuna la kufanya", kwa sababu sio kweli. Muulizeni daktari kama anaweza kuwekewa kile kibomba cha kupanua njia ili uji na mtori upite, kwa baadhi ya wagonjwa inafanyika na mtu anarudi kumeza. Na ulizeni tiba shufaa. Kwa Arusha mna bahati, Hospitali ya Selian ya KKKT ilianza hiyo huduma mwaka 1999, wapo watu waliosomea kumtuliza mtu maumivu na kuongea na familia mpaka nyumbani. Yule daktari wa Uingereza Cicely Saunders, ambaye alianza kama nesi na mwaka 1967 akafungua St Christopher's pale London, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa hivi ni ya mwili, ya roho, ya hofu na ya familia yake, yote kwa pamoja, ukitibu moja ukaacha mengine mtu bado anaumia. Kwa mzee wako mimi naona hilo la kudanganywa ni mojawapo.

Kuhusu mama mdogo, msimfukuze. Anapenda na yeye, hana njia nyingine ya kuonyesha. Mwaka 2011 sisi watu wa mikoa hii tulipanga foleni siku kadhaa kule Samunge Loliondo kwa kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500, na kuna watu walitolewa wodini kupelekwa, wengine waliacha dawa zao, kwa hiyo tunajua pa kuwa wakali: mzee asiache dawa ya hospitali, na chochote anachokunywa daktari aambiwe. Alafu mpeni mama mdogo kazi. Yeye ndio awe wa mtori, auponde laini, auchuje, aulete kwenye chupa ya chai kila asubuhi. Utaona miti inapungua.

*

Shangazi, mimi ni mke wa mtu, naishi Sakina Arusha, namuuguza mama mkwe mwaka wa pili huu, kansa ya kizazi. Mume wangu ni dereva wa magari makubwa anakuwa safarini. Mawifi wapo watatu, wawili Dar mmoja Dodoma, kila siku kwenye grup la familia "mgonjwa anaendeleaje, mpe matunda, mgeuze asipate vidonda". Mimi ndio nageuza, mimi ndio nafua, nina mtoto wa mwaka na nusu. Usiku mama analia na maumivu, hospitali walitupa ile dawa ya maji ya morphine ila wifi mkubwa kasema asipewe ni dawa ya kumalizia watu. Nimechoka mpaka naogopa mawazo yangu. Nikisema nimechoka nitaonekana simpendi mama.

Mwanangu, wewe unampenda, mtu asiyempenda hageuzi mwili wa mtu mzima miaka miwili. Na nimesoma hiyo sentensi ya kuogopa mawazo yako, naomba leo hii hii umpigie mtu mmoja unayemwamini umwambie kwa mdomo, na siku ya kliniki mwambie nesi au daktari wa mama kuhusu wewe, sio kuhusu mama. Anayeuguza naye anaugua, wao wanajua.

Kwanza dawa. Morphine ya maji sio ya kumalizia mtu. Ni dawa ya maumivu makali na ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari mgonjwa anapumua vizuri, analala, anaweza hata kucheka na mjukuu. Ile ya maji kazi yake ni kama masaa manne hivi, ndio maana inatolewa kwa saa, hamsubiri mpaka aanze kulia ndio mpe, mkisubiri maumivu yanakuwa yameshakimbia mbele na dawa inayafukuza kwa nyuma. Inafunga choo, hilo ni kweli, kwa hiyo mwombe daktari na dawa ya kulainisha choo hapo hapo. Siku za mwanzo anaweza kusinzia sana na kichefuchefu, mara nyingi inapungua baada ya siku chache. Mkiona hashtuki kabisa au anapumua kwa shida mnapiga simu hospitali. Andika saa na kiasi kwenye daftari. Na wifi mkubwa mpe namba ya daktari amuulize mwenyewe, wewe usibishane naye kwenye grup, mtu aliyeko mbali anaogopa kuliko aliye karibu na hofu yake inatoka kwa amri.

Sasa mawifi. Najua mila, mke wa mtoto ndio muuguzaji, na mawifi wanaamini kutuma "mpe matunda" ni kushiriki. Usiwaandikie malalamiko. Mwambie mume wako, hii lazima itoke kwake, ni mama yake, aandike kwenye grup ujumbe wenye hesabu: pampasi za watu wazima kwa mwezi ni kiasi hiki, sabuni na mafuta ya kumpaka kiasi hiki, dada wa kusaidia kazi kiasi hiki, taksi ya kliniki kiasi hiki. Kila mmoja achukue mstari wake. Wifi wa Dodoma mstari wa dada wa kazi, wa Dar pampasi, na kadhalika. Mtu ukimwambia "saidieni" anatuma elfu ishirini siku akikumbuka, ukimwambia pampasi ni zako anajua tarehe moja pampasi zinaisha.

Na kila mmoja aje wiki moja, kwa zamu. Likizo wanazo, Desemba si huwa wanapanda wote huku na magari? Basi wagawane, mmoja aje Desemba, mwingine Pasaka. Wiki hiyo wewe usibaki hapo kumpikia mgeni. Beba mtoto uende kwenu ulale. Wifi akigeuza mama mwenyewe usiku tatu mfululizo maneno kwenye grup yatabadilika yenyewe, mimi nimeliona kwa macho yangu.

Hapo Sakina pia ongea na jumuiya yenu. Sio waje kusali tu, ingawa sala mama anaipenda najua. Waombe mama mmoja mtu mzima akae na mgonjwa kila Jumatano saa nane mpaka saa kumi. Masaa mawili. Wewe uende hata saluni ukae chini ya draya usisemeshwe na mtu.

*

Shangazi jirani yangu hapa Soweto Moshi ana kansa, mume wangu anasema tusinywee vikombe vyake wala watoto wasitumie choo chake. Ni kweli inaambukiza?

Hapana. Kansa haiambukizi kwa kikombe, kwa kushikana mkono wala kwa kukaa kitanda kimoja. Aliyetoka kupigwa mionzi kwa mashine ya nje naye hana mionzi mwilini, mkumbatie. Kinachochanganya watu ni kwamba kuna virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana ambavyo ndio chanzo kikubwa cha kansa ya mlango wa kizazi, kwa hiyo virusi vinaambukiza lakini kansa yenyewe hapana, na ndio maana mabinti wetu wanachanjwa, Tanzania nzima tangu 2018, na huku Kilimanjaro ndio ilikojaribiwa kabla ya mikoa mingine. Kama una binti hajachanjwa mpeleke.

Kwenye choo kuna jambo dogo la kweli. Mtu aliyechomwa dripu ya kemo, kwa masaa kama 48 dawa inatoka kwenye mkojo na matapishi, kwa hiyo anayesafisha avae glavu na choo kimwagiwe maji mengi. Ni dawa tu hiyo, sio ugonjwa. Mwambie mume wako na mpeleke mkanywe chai kwa jirani, kwenye vikombe vyake.

*

Bwana Yesu asifiwe shangazi. Sisi ni kwaya, usharika mmoja wa Arusha mjini, mwenzetu wa sauti ya pili yupo kwenye matibabu. Tumechanga 180,000. Wengine wanasema tumpe cash, wengine tununue vitu, na wote tunataka kwenda Jumapili kuimba. Tufanyeje?

Amina wapendwa. Mpeni cash, na tena msimpe yote siku moja mbele ya watu na picha ya kupost. Mtumeni mtu mmoja wenu mtulivu, amuulize mwenyewe au dada yake tarehe za kliniki zilizobaki. Kama zimebaki tatu gawanyeni mara tatu, elfu sitini sitini, itumwe kwenye simu yake jioni ya siku ya kabla ya kliniki pamoja na ya kutolea. Mgonjwa akijua nauli ya Moshi na kurudi ipo, usiku huo analala. Kabla KCMC haijafungua kituo chake cha saratani mwishoni mwa 2016 watu wetu wengi ilikuwa ni basi mpaka Ocean Road Dar, dada yangu 2013 alilala kwenye kiti cha basi na kanga puani kwa ajili ya harufu ya dizeli. Sasahivi kwa wengi ni Arusha Moshi, kilomita kama 80, lakini kilomita 80 kwenye Noah iliyojaa ukitoka kuchomwa dripu sio mchezo, kwa hiyo kama kuna mwanakwaya mwenye gari, petroli ya elfu sitini ni bora kuliko nauli. Muulizeni huyo kwanza.

Kuimba nendeni, ila sio wote arobaini, nendeni sita. Na jamani msiimbe zile za kuaga. Nimekaa kwenye vyumba vya wagonjwa nikasikia kwaya inaimba nyimbo za makaburini na mgonjwa anatazama ukuta. Muulizeni yeye anataka upi, na mkianza msimwimbie, imbeni naye, mwacheni nafasi kwenye sauti ya pili hata kama sauti inatoka kidogo. Mpelekeeni na karatasi za nyimbo mpya mnazojifunza sasa, nakala yake mwenyewe yenye jina lake kwa juu. Mwambieni mazoezi bado ni Jumamosi saa kumi, na kiti chake hamjakitoa.